Mundu wa Mzee Yona

Chekeni tu, maana mimi nimeshachoka kuficha. Kanisa zima la Mlola liliona, na wasioona walisimuliwa kabla viazi vya mchana havijaiva.

Miaka hiyo ya Ujamaa nilikuwa fundi magari, ufundi niliojifunzia karakana moja kule Shume, na nilikuwa nampenda Naomi. Baba yake, Mzee Yona, mzee wa kanisa (ukimpita bila shikamoo alikurudisha ulikotoka uianze njia upya), ndiye pekee kijijini aliyekuwa na gari: dogo la Kijerumani, lile la mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Mjomba wangu alikuwa apeleke posa Jumamosi, sasa siku kumi kabla Mzee akaniita: "Kijana, linavuta kushoto. Linyooshe, Jumapili hii ni sikukuu ya Mavuno." Nikaona Mungu ameniona.

Kulinyoosha nililinyoosha. Nikalipeleka uwanja wa kanisa (ndiyo tambarare pekee tuliyonayo, kwingine ukidondosha kiazi unakifuata bondeni), nikavuta uzi pembeni mwa magurudumu, nikapima, nikakaza, likaenda mstari. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilikuwa na ukurasa wa gazeti wenye picha ya magari ya mashindano, pua zimeinama, nikajiambia Mzee akiona lake limekaa vile atanipa Naomi kabla mjomba hajafungua mdomo. Springi za mbele za gari lile ni vyuma bapa vilivyofungwa pamoja ndani ya bomba. Nikatoa vinne. Pua ikashuka, nikanyoosha magurudumu upya, nikalijaribu peke yangu, tupu, maridadi! Vile vyuma nikampa Danieli mhunzi, maana chuma cha springi hakitupwi.

Jumapili, baada ya ibada, ukaja mnada wa matoleo. Danieli alikuwa ametoa mundu mpya, unang'aa, na Mzee Yona akaung'ang'ania mpaka wenzake wakasalimu amri. Mimi nilikitambua kile chuma, nikasali kuliko nilivyosali ibada nzima. Mzee akanunua na viazi, na kabichi, na mapea, vyote vikaenda kwenye buti. Buti la mbele, ndugu zangu! Akaketi mbele, mundu mapajani, Naomi na mama yake nyuma, mimi kwenye usukani.

"Chuma hiki si cha mchezo," Mzee akasema akiupapasa mundu. "Danieli kakitoa wapi?"

"Sijui, baba," nikajibu. (Uongo, tena uwanjani kwa Bwana, na tai shingoni.)

Nikakata kona ya lango. Tairi zikauma madigadi, moshi ukatoka, pua ikagusa ardhi, tukailima bustani ya maua ya mama mchungaji hadi gari likasimama limepiga magoti mbele ya kwaya.

Bibi mmoja akauliza, "Jamani, linamwamkia nani?"

Watu waliangua kicheko, kwaya nzima ikashika mbavu. Mzee Yona peke yake hakucheka. Akashuka, akachungulia chini ya gari.

"Fundi. Springi zangu zote zimo?"

"Zimepungua kidogo, baba."

"Zilizopungua ziko wapi?"

Macho yangu yakaenda kwenye mundu mkononi mwake, na yeye akayafuata. Ndipo Danieli, mtu wa watu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Vitatu bado viko kwangu, Mzee, kama unataka miundu mingine!"

Mzee akafumba macho. "Mwambie mjomba wako asije," akasema, na hapo sikuona tena cha kuchekesha. Naomi alikuwa ameinamisha uso, sikujua analia au anacheka.

Vipuri enzi hizo ungevitoa wapi? Nilizunguka miezi minane, mpaka nikapata mzoga wa gari kama lile kwenye shamba moja la chai upande wa Mponde. Nikarudisha vyuma vinne, nikanyoosha magurudumu, na sikugusa kingine. Mjomba akaruhusiwa kuja.

Siku ya harusi Mzee Yona alisimama na zawadi yake imefungwa kwenye kanga. Akaifungua mbele ya watu: ule mundu. "Mkwe wangu akisikia hamu ya kupunguza kitu," akasema, "apunguze nyasi."

Uko ukutani jikoni kwangu hadi leo. Tangu siku ile nikiambiwa nyoosha, nanyoosha, naweka spana chini. Juzi tu meza yetu ilikuwa inachechemea, nikaleta msumeno niipunguze miguu kidogo. Naomi aliutazama tu mundu pale ukutani. Nikaurudisha msumeno.