Aliyeita Mara Moja

Nilipokuwa mtoto kule Kongwa, niliogopa kuitwa jina langu. Hofu hiyo alinitia bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea. Alisema ndani ya kisulisuli, ule upepo wa kiangazi unaozunguka na vumbi mchana, husafiri kitu kisicho na jina. Kinakuita kwa sauti ya mtu unayemjua. Ukisema "abee", kinaondoka na jina lako, nawe unabaki mwili mtupu.

"Utakijua, maana kinaita mara moja tu," alinionya. "Mtu huita tena."

Kiangazi kimoja tulikwenda kuchota maji kwenye korongo kavu. Bibi alichimba mchangani mpaka kichwa kikazama shimoni, nami nikakaa ukingoni mwa korongo na ndoo. Mara kisulisuli kikaja, kikubwa, kimebeba majani na vumbi jekundu. Nikafumba macho. Humo ndani ya vumbi nikasikia:

"Debora!"

Ilikuwa sauti ya bibi, lakini imebanwa, kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Abee ilikuwa imeshafika ulimini. Nikaibana kwa meno. Nikasubiri aite tena. Vumbi likapita, jua likawaka, na hakuita. Kama ni kile kitu, nikiitika nimekwisha. Kama ni bibi, mbona kanyamaza?

Kuitika sikuthubutu, na kukaa kimya nikashindwa. Kwa hiyo nikauliza:

"Kama wewe ni bibi, niambie mimi naogopa nini!"

Kisha, polepole, kutoka chini:

"Kuitwa, mwanangu. Njoo."

Nilimkuta mchanga umemporomokea, umemfukia hadi kifuani, mikono tu ikiwa huru. Kila alipovuta pumzi mchanga ulizidi kumbana. Nilikimbia nikipiga yowe hadi kwa Mama Neema, jirani aliyekuwa akipura uwele hapo karibu. Akaja na wanawe na majembe, wakamtoa akiwa hai, mguu mmoja umevunjika.

Jioni, akiwa amelala mguu umefungwa, nilimuuliza kwa nini hakuita tena.

"Pumzi ziliniishia," alisema. "Halafu uliponyamaza, nikaogopa. Nilijishika uso, Debora. Nikadhani ni mimi niliyekuwa kile kitu."

Maneno hayo yalinitisha kuliko kisulisuli, na yananitisha mpaka leo. Nilikuwa nikijua kwamba yeye ndiye aliyenifanya mtu, kwa kuniita asubuhi, kunituma, kunigombeza, kunibembeleza. Sikujua kwamba na yeye, mtu mzima na mvi zake, alihitaji abee ya mtoto ili abaki kuwa bibi. Kila mmoja wetu alimshikia mwenzake jina. Tangu siku hiyo aliniita mara mbili mbili, hata nikiwa mbele yake, na watu walimcheka.

Siku hizi naishi Kikuyu, hapa mjini Dodoma, na bibi tumeshamzika. Visulisuli bado vinapita. Juzi mchana nikianua nguo, kimoja kiliingia uani, na ndani yake nikasikia jina langu. Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nguo zikaniponyoka mkononi. Nikasubiri sauti iite tena, haikuita.

"Abee, bibi," nikasema.