Mpishi wa Kamba Ambaye Hajawahi Kuonja Kamba

Saa tatu asubuhi, na jiko la nyumba moja huku Kitisuru limejaa mvuke. Zedekiah Were amesimama mbele ya sufuria, mikono nyuma, akingoja maji yachemke sawasawa. Ukimsemesha wakati huu atakujibu kwa nyusi tu.

Maji yanapoanza kuruka, anawamimina kamba wote kwa mara moja, na papo hapo anaanza kuimba. Ni ubeti wa wimbo wa kanisani, polepole, macho yake yakiwa dirishani kwenye mashamba ya kahawa, kama mtu aliyekwisha kuondoka jikoni akaacha koti lake tu. Neno la mwisho linapomtoka, anaitoa sufuria motoni, anawachuja kamba na kuwatosa katika beseni la maji ya barafu.

"Ubeti moja," anasema. "Wakiwa wakubwa, ubeti na kiitikio. Ukiongeza hapo umeharibu."

Kamba hao hutoka Mombasa kwa gari la moshi, wamelazwa katika barafu, na Zedekiah huwanunua soko kuu la mjini siku hiyohiyo wanapofika. Huwanusa kwanza. Wakinuka dawa ya choo, anawaacha. Akifika nyumbani anawatoa vichwa, anawaacha na maganda yao, na kwa sindano ya kushonea anavuta ule uzi mweusi wa mgongoni. Kisha kila chupa ya maji, kijiko kimoja cha mezani cha chumvi. Nusu ndimu. Punje za pilipili manga. Basi.

"Kamba akiiva anajikunja kama mundu," anaeleza. "Akijikunja akawa pete, huyo mpe paka."

Wageni wa Kileleshwa wanaoalikwa hapa humsifu mpaka mwenye nyumba anaona haya. Wasilolijua ni kwamba Zedekiah, mwenye miaka arobaini na mmoja, hajawahi kumtia kamba kinywani hata siku moja.

Yeye ni Msabato. Alibatizwa ziwani, upande wa Kendu, akiwa na miaka kumi na sita, na katika imani yake kiumbe wa majini asiye na mapezi wala magamba haliwi. "Mchungaji aliniuliza, nikasema ndiyo, maji imenifika hapa," anasema akigusa kifua. "Leo nimwambie nini? Kwamba nilikuwa naoga?"

Kwa kawaida akifika hapo hucheka. Wiki hii hacheki.

Mwajiri wake anarudi Ulaya, na nyumba itafungwa mwisho wa mwezi. Kuna hoteli mjini inayotafuta mpishi wa vyakula vya baharini, na kazi hiyo inakuja na chumba cha mtu na mkewe. Mshahara ni uleule wa shilingi mia na arobaini, lakini Zedekiah hazungumzii mshahara. Anazungumzia chumba. Mkewe, Peres, yuko nyumbani Kendu na watoto. Kwa miaka kumi na mitatu wameonana mwezi mmoja tu kila mwaka.

"Naota nimerudi kutoka kazi, nakuta viatu vyake mlangoni," anasema kwa sauti ya chini. "Viatu tu. Hata yeye mwenyewe simwoni, lakini nafurahi mpaka naamka."

Jaribio ni Alhamisi, na kila mpishi wa mjini anaijua sheria ya hoteli hiyo: lazima mpishi aonje mbele ya mpishi mkuu kabla sahani haijaondoka. Asiyeonja anaonyeshwa mlango. Zedekiah alimwandikia Peres kumweleza, na Peres akajibu kwa mstari mmoja: "Baba Joash, mimi nimezoea kungoja."

Maneno hayo ameyasoma mara nyingi hata karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Aliwezaje basi kuujua upishi huu bila ulimi? Zedekiah anafungua kabati la vyombo na kutoa daftari la shule lenye madoa ya mafuta. Humo mna sauti ya mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo ni Wangeci, aliyekuwa yaya wa nyumba hii. Kwa miaka saba Wangeci ndiye aliyemwonjea. Kila sufuria ikitoka, alimenya kamba mmoja, akatafuna akiwa amefumba macho, kisha akatoa hukumu, na Zedekiah akaiandika kando ya chumvi na idadi ya beti. *Beti mbili: Wangeci anasema ni kama kutafuna mpira wa baiskeli. Chumvi vijiko vitatu: anasema ni machozi ya mtu mnene. Ubeti mmoja, ndimu nusu: anasema ni kama hindi bichi la kwanza, lile unalokula shambani kabla mama hajakuona.*

"Huyo mama alikuwa na maneno," Zedekiah anasema. "Mimi sikuonja, lakini nilionjeshwa."

Aprili ya mwaka 1954, katika ule msako mkubwa wa askari wa serikali dhidi ya watu wa kabila lake, Wangeci alipandishwa lori pamoja na wengine akapelekwa; wapo wanaosema kizuizini, wapo wanaosema kwao. Hakuna aliyemwambia Zedekiah kwa hakika ni wapi. Kikombe chake kilibaki juu ya meza na chai nusu. Miaka mitatu sasa, Zedekiah anapika kwa daftari.

Alhamisi, saa nne, mwandishi wa habari hizi aliruhusiwa kusimama pembeni mwa jiko la hoteli. Mpishi mkuu, Mgoa mmoja mfupi wa asili ya Kihindi, mwenye masharubu yaliyochanwa, alikaa kwenye kiti cha mbao na kukunja mikono. Zedekiah aliosha, akavuta nyuzi, akapima chumvi, akaimba. Wasaidizi waliochekelea mwanzoni walinyamaza kabla ubeti haujafika katikati.

Kamba ishirini walipangwa kwenye sahani.

"Onja," akasema mpishi mkuu.

"Mimi hapana kula hii, bwana. Ni dini yangu."

"Basi najua namna gani kama nzuri?"

Zedekiah akamsogeza kamba mmoja pembeni kwa ncha ya kidole. "Huyu amejikunja sana, alikuwa mdogo kuliko wenzake. Ukila, utatafuna mpira wa baiskeli." Akaionyesha sahani. "Hawa wengine ni hindi bichi la kwanza. Lile unakula shambani kabla mama hajakuona."

Mpishi mkuu alimla yule wa pembeni kwanza. Akatafuna, akatafuna, uso ukakunjamana. Akachukua wa pili. Hapo akaacha kutafuna, akatazama dirisha kwa muda ambao Zedekiah anaapa ulikuwa mrefu kuliko wimbo wote.

"Nani naambia wewe hii maneno?" akauliza.

"Mama mmoja tulifanya kazi naye. Yeye ndiye alikuwa ulimi yangu."

"Jumatatu," akasema Mgoa, akinyoosha mkono kuchukua wa tatu. "Kuja na mke yako. Mimi nitaonja."

Zedekiah alitoka mpaka uani, akaketi juu ya kreti ya soda na kulia bila kujificha. Peres atashuka kituo cha Nairobi tarehe tatu. Chumba kina dirisha moja, na tayari Zedekiah amepigilia msumari ukutani wa kutundika kanga ya mkewe.

Jioni hiyo alilifungua daftari akaandika tarehe, chumvi, ubeti mmoja. Pale ambapo zamani aliandika *Wangeci anasema*, ameandika maneno hayo mawili na kuacha nafasi.

"Watu wameanza kurudi kutoka kizuizini," anasema. "Nimeagiza kwa wanaokwenda Kiambu, kwao Wangeci, waulize. Nikimpata, namchemshia bakuli nzima, yake peke yake. Nitakaa mbele yake na kalamu."