Nilivyokimbilia orpul Mashuuru kuacha tramadol, na mashemeji wakadhani ni supu inafanya kazi

Wakuu, sopa. Mkishaitika epa kwa Kimaasai, vuteni viti.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi, kuna mtu wa kuifuta. Ameshafuta mahali pawili.

Kwa wasionijua: mimi ni mwanaume wa Bungoma niliyejijenga. Sikurithi hata jembe. Niko na diploma ya refrigeration and air conditioning, niliyoisomea huku nikiuza mayai ya kuchemsha. Nikaenda Qatar, nikapoza majumba ya watu wasiojua jasho linafananaje, nikarudi. Wengine hurudi na suti na hadithi. Mimi nilirudi na vifaa vya kazi, nikajenga Kitengela, nyumba ya ghorofa yenye balcony inayotazama vumbi lote la Kajiado.

Nikaoa Nasieku, binti wa Kimaasai kutoka Mashuuru. Tukapata Naserian, ambaye sasa yuko Grade Two na anajua kila kitu.

Najisifu, ndiyo. Mtu akijitoa mwenyewe kwenye matope, angoje nani amsifu? Kaunti?

Sasa twende.

Kazi yangu ni kujenga cold room za mashamba ya maua. Siku moja huko Isinya nilikanyaga bati la paa ambalo asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimewakataza vijana wangu kulikanyaga. Tulishuka pamoja, mimi na bati. Paja likavunjika. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma, nikarudishwa nyumbani na magongo mawili na tramadol, vidonge vya maumivu makali.

Tuseme ukweli: hiyo dawa ilifanya kazi yake. Mfupa wa paja ukivunjika hautulizwi kwa maombi peke yake. Daktari alinipa za muda mfupi akasema nirudi anione.

Sikurudi.

Kwa daktari kuna maswali. Chemist wengine hawaulizi kitu, na Kitengela iko na chemist nyingi kuliko miti. Nilikuwa naingia nikichechemea hata siku ambazo mguu hauumi. Naonyesha kovu, nakunja uso, natoka na strip ya vidonge. Wakianza kunizoea, naenda Isinya. Wa Isinya wakinizoea, Kajiado mjini. Nilifika mpaka Rongai, huko Laiser Hill, nikimwambia Nasieku nimeenda kuangalia kazi ya AC.

Kwenye fani yetu kuna fundi mmoja mbaya sana. Friji ikikosa baridi, anaongeza gesi na kwenda zake. Hatafuti inakovuja. Mwezi ujao anaitwa tena, anaongeza tena. Nimewatukana hao mafundi miaka mingi. Sasa nilikuwa mmoja wao, na friji ni mimi.

Mfupa ulikuwa umepona kitambo. Nilichokuwa natuliza ni hasira ya mwili unapokosa kidonge. Nikichelewa kidogo, naanza kupiga miayo, pua inatiririka, miguu haitulii. Nikimeza, dunia inakuwa blanketi.

Na choo, wakuu. Hii dawa inafunga. Choo kilikuwa kama mgeni rasmi: kinatangazwa, kinangojewa, hakifiki. Mkumbuke huyu mgeni, atarudi kwenye uzi.

Sasa sehemu isiyochekesha.

Nilikuwa nampeleka Naserian shule. Asubuhi safi, barabara tupu, Prado yangu niliyoinunua kwa jasho. Nikasinzia kwenye usukani. Gari likaacha lami polepole na kwenda kujikita kwenye rundo la kokoto mbele ya hardware.

Hakuna aliyeumia. Bampa tu. Wenye hardware walitoka, wakatupa pole, wakalaumu barabara. Nami nikalaumu barabara.

Jioni Naserian akamwambia mama yake, huku akichovya mandazi kwenye chai: "Leo baba alilala tukienda shule."

Nasieku hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, nikaweka funguo kwenye kiganja.

"Huyu mtoto hapandi gari lako tena," akasema. "Mpaka ukuwe mtu naweza kuamini. Siyo useme. Ukuwe."

Tangu hapo akawa anampeleka mwenyewe kabla ya kazi. Mimi nasimama kwenye balcony yangu maridadi nikiangalia gari langu likienda bila mimi. Naserian alikuwa akipunga mkono. Baadaye akaacha.

Hapo nikaamua kuacha. Mara moja, kiume. Mimi ni Mbukusu. Nilisimama mbele ya kisu cha tohara uwanjani, mbele ya ukoo mzima, bila kupepesa jicho. Nimefanya kazi juu ya paa la Doha mwezi wa nane. Nitashindwa na kitu kidogo kuliko punje ya mahindi?

Bahati nzuri, au mbaya, mashemeji zangu walikuwa wameniahidi orpul. Kwa wasiojua: kwa Wamaasai mtu akitoka kwenye ugonjwa au akiumia, wanaume wenzake wanaenda naye porini, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome, mpaka nguvu irudi. Wanawake hawafiki. Na hamtoki mpaka nyama iishe.

Nikaona hiyo ndiyo rehab yangu, ya bure na ya heshima. Hakuna chemist. Hakuna gari. Nitaacha kimyakimya, nirudi mpya, na hakuna shemeji atakayejua kwamba mwenye diploma alikuwa anaendeshwa na kidonge.

Vidonge vilivyobaki nilivitupa chooni siku ya kuondoka. Nilijiona shujaa sana nikiflash.

Baba mkwe alitoa ng'ombe dume lakini hakuja. Heshima ya ukwe haimruhusu kukaa chini na mimi tugombanie mbavu. Aliyesimamia mambo ni Lemayian, kaka mkubwa wa Nasieku, mtu wa maneno machache na kisu kirefu.

Siku ya kwanza nilikula kama simba. Nikawahadithia Qatar. Walisikiliza kwa adabu.

Siku iliyofuata mwili ulikuja kudai haki yake.

Nilitoka jasho nikitetemeka, juani. Ngozi ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Macho yanatoa machozi bila kilio. Miguu inapiga mateke yenyewe, pamoja na ule wenye chuma.

Na yule mgeni rasmi akafika. Na msafara wake wote.

Nilikimbia kichakani, nikarudi, nikakimbia tena kabla sijakaa. Nikitoka kichakani nakuta mashemeji wamesimama wananitazama kwa furaha ya kweli.

"Supu imeshika!" mmoja akasema.

"Inatoa uchafu wa hospitali," Lemayian akakubali. "Muongezee."

Wakaniongezea. Kikombe kizima cha supu ya magome ya oloisuki, kali kama pilipili iliyokasirika.

Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa, na ni kosa ambalo ni watu wa makabila yetu mawili tu wanaweza kulifanya pamoja. Mbukusu hasemi anaumia. Mmaasai hamuulizi mwanaume kama anaumia, ni kumtukana. Kwa hivyo mimi nilinyamaza nikinywa, na wao wakanisifu wakimimina. Kadiri nilivyoharisha ndivyo walivyoona orpul imefana. Mmoja alianza kuniimbia.

Kuna mtu atauliza kwenye comments kwa nini sikukataa supu. Kaka, wewe umewahi kukataa kitu mbele ya mashemeji walioshika visu?

Mwisho nilitapika, nikajaribu kusimama, miti ikazunguka, nikaanguka kando ya moto. Midomo ilikuwa imekauka mpaka ulimi unakwaruza. Kilichonijia kichwani si Doha wala kisu cha Bungoma. Ni kile kimkono kilichoacha kunipungia. Nikaona kwamba nikifia hapa, Naserian ataambiwa baba alikufa kwa supu.

Nikamwita Lemayian.

"Shemeji, si supu. Ni dawa. Nilikuwa nameza za mguu, zikanishika. Nimeacha zote juzi."

Aliweka kikombe cha supu chini.

"Kwa hivyo hii dawa yetu yote, na ng'ombe wa mzee, nimekuwa nikimpea mlevi wa chemist?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani nitashinda."

"Unashinda nani? Hapa hakuna mashindano, pakiteng'. Ni nyama tu."

Pakiteng' ni jina la watu waliopeana ng'ombe. Alipolitumia nikajua bado niko ndani ya familia. Nikalia kidogo. Nasieku amesema niondoe neno "kidogo". Nikalia.

Lemayian alipanda kilimani kutafuta network, akampigia dada yake.

Nasieku alikuja na Prado mpaka pale miti inapoanza, akasimama. Mwanamke haingii orpul. Akaanza kupiga honi. Alipiga honi mpaka ndege wakahama.

"Mleteni!" akapaza sauti. "Mimi siwezi kuingia huko, na asinifanye niingie!"

Nikabebwa na mashemeji wawili kama kreti ya soda, nyama ikiwa bado imening'inia. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka orpul akiwa mwembamba kuliko alivyoingia.

Akanipeleka moja kwa moja hospitali, Kajiado mjini. Wakaniwekea maji ya mshipa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani mikubwa.

"Nani alikwambia uache zote mara moja?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe ni daktari?"

"Niko na diploma."

"Ya nini?"

"Refrigeration and air conditioning."

Aliandika kitu. "Sawa. Hapa hatuna friji."

Nasieku alicheka mpaka akashika ukuta. Cheko la kwanza tangu kokoto.

Kisha daktari akaniketisha vizuri. Akasema mwili uliozoea dawa ya aina hii unaasi ukinyimwa ghafla. Si kwamba mimi ni mdhaifu au nimelaaniwa. Akasema kuharisha na kutapika hivyo kwenye jua bila maji ya kutosha kungeniua, na kwamba wengine hufa baadaye, wakishaacha kisha warudie kipimo cha zamani ambacho mwili umeshakisahau. Akasema tutashuka ngazi kwa ngazi, yeye akipanga, mtu mwingine akishika dawa.

Mtu mwingine mnamjua.

Wakuu, hakuna kitu kimewahi kunishusha kama kusimama jikoni kwangu, ndani ya nyumba niliyojenga, nikiambiwa "Fungua mdomo. Inua ulimi." Naserian pembeni anaangalia kama mkaguzi.

Nilirudi pia kwa wale wa chemist, mmoja mmoja, nikawaambia wasiniuzie tena hata nikiingia natambaa. Mmoja wa Isinya aliniuliza, "Na kovu lako nimelizoea hivyo, sasa nitakuwa naangalia nini?"

Haikuwa mteremko mtupu. Kuna siku nilipita chemist mpya, rangi bado mbichi mlangoni, hawanijui. Nilijikuta nimeshaanza kuchechemea. Mguu mzima kabisa, unachechemea wenyewe! Nilisimama hapo kwenye vumbi nikampigia Nasieku, nikamwambia niko wapi. Hakunihubiria. Alisema, "Kaa kwa simu. Nieleze unaona nini." Nikamweleza: mbuzi, duka la vifaranga, kinyozi, mama wa viazi. Nikamweleza hivyo mpaka nikafika nyumbani.

Tulimaliza ngazi. Nilipomeza ya mwisho hatukupiga picha. Nasieku alisubiri. Miezi ikapita, nikalala vibaya, nikalala vizuri, nikaanza kukasirika na kucheka kama watu wa kawaida.

Asubuhi moja nikakuta funguo za gari kando ya kikombe changu cha chai. Nasieku alikuwa anamfunga Naserian kamba za viatu.

Mtoto alipanda nyuma, akafunga mkanda, akaukagua kwa kuuvuta. Sikuwasha gari kwanza.

"Baba, utalala?"

"Hapana."

"Basi ongea. Nikusikie."

Nikawasha gari, nikaongea. Kwenye kioo naona macho yake yako kichogoni kwangu. Nikamhadithia Qatar: joto, majengo, lifti, jinsi nilivyokuwa fundi wa kutegemewa ghorofa nzima. Tukapita ile hardware, rundo la kokoto bado liko. Sikunyamaza. Nilimwaga Qatar yote mpaka geti la shule.

Akashuka, akaweka begi mgongoni, akapiga hatua chache, akarudi dirishani.

"Baba, Qatar nimeichoka. Kesho unaweza kunyamaza."

Wakuu, niko na diploma, niko na ghorofa, niko na Prado. Hicho ndicho cheti pekee nimewahi kupewa nikalia kwenye parking.

Funzo langu ni fupi. Ukipasuliwa ukapewa hizi dawa, rudi kwa daktari siku uliyoambiwa, hata kama unajiona mzima, hasa kama unaona chemist ni karibu zaidi. Zikikushika, usiache kibabe kama mimi. Sema. Sema kwa mtu mmoja tu anayeweza kupiga honi.

Na shemeji akikupa supu, mwambie kwanza kilicho tumboni.

Uwanja ni wenu. Mliopitia, andikeni, hata kwa ID nyingine, sitauliza. Wa kucheka acheke. Lakini kama uko na strip kwenye mfuko wa jacket na mguu ulishapona, cheka ukielekea hospitali.

Lemayian pia yuko humu ndani, na anasema nyama ya yule dume waliimaliza bila mimi.