Vifungo vya Begani

Binti yangu alipokuwa na mimba ya miezi saba alinipigia simu kutoka Mpwapwa, nikamwambia nitamfumia mtoto sweta. Akacheka. "Mama, kile kitambaa cha meza umeshakimaliza?"

Kitambaa hicho nilikianza yeye akiwa darasa la tano. Maneno yale yaliniuma kwa sababu ni kweli: mimi ni hodari wa kuanza. Nikaapa kwamba mjukuu wangu wa kwanza atavaa sweta langu upepo wa Julai utakapoanza.

Jirani yangu hapa Area D, mama mtu mzima wa Kondoa, ndiye aliyenifundisha. Kipande cha nyuma, viwili vya mbele, mikono miwili, basi. Ukijua kuhesabu hadi hamsini, alisema, umejua kufuma. Baada ya hapo nikamwomba asinisimamie. Nilifuma wiki tatu kwa uzi wa njano, nikashona vifungo vitano vikubwa vya kung'aa kifuani, nikampelekea kwa mbwembwe.

"Shikamoo mama. Nimemaliza."

"Marahaba." Akaligeuzageuza. "Zuri. Kwani huyu mtoto hatabebwa mgongoni?"

Sikumwelewa. Akachukua pakiti ya unga wa kilo mbili, akaivalisha sweta, akanifunga nayo mgongoni kwa kanga. "Haya, zunguka uani."

Mizunguko miwili tu, vifungo vikawa vinanichoma mgongo mzima.

"Wewe una nyama," akasema. "Yeye atakuwa na kifua cha kifaranga."

Na mimi nimebeba watoto wanne! Nilinuna, nikaondoka bila kuaga, nikalitupa sweta kwenye droo, juu ya kile kitambaa cha meza. Nilipoviona vimelala pamoja nikaona aibu. Kesho yake nikalitoa. Kati ya kufuma na kufumua ni herufi moja tu, lakini herufi hiyo ilikula siku zangu kumi. Nilifumua mbele yote, nikafuma kipande kimoja kizima, na vifungo viwili vidogo nikaviweka begani.

Walikuja Julai, mtoto ana miezi mitatu, shingo imeshakaza. Binti akalitazama sweta. "Hili si la dukani. Mkono wa kushoto umezidi."

Lakini alimvalisha, akambeba, wakaenda sokoni na kurudi mtoto akiwa usingizini.

Jioni nilimvua mwenyewe. Kifua chake hakikuwa na alama hata moja. Mama yake alikuwa anaoga, kwa hiyo nilimwambia yeye: "Bibi amemaliza."