Saladi Zilizokufa Kiu Ndani ya Maji

Jamani, mshawahi kuona mboga ikafa kwa kiu nayo imesimama ndani ya maji?

Mimi nimeona. Juu ya slabu, paa la zege la nyumba yetu, Utange, Mombasa, mchana kweupe. Miche mia tatu ya saladi, yote imelala kifudifudi.

Na aliyeiua namjua vizuri. Kila nikinyoa ndevu namuona kwenye kioo.

Naitwa Mahfudh. Mwaka jana nilihudhuria semina ya siku mbili ya kilimo bila udongo. Siku ya kwanza nilichelewa, ya pili nikatoka mapema. Cheti nikapewa vilevile. Wallahi, kile cheti ndicho kilichonimaliza.

Nilikitia fremu. Nikafungua kikundi cha WhatsApp, nikakiita Kisauni Bila Udongo. Mwezi haujaisha tukawa watu mia mbili na kumi. Mimi ndiye admin, mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye wa kuuliza swali na kujijibu. Watu wakaanza kuniita Daktari.

Sikuwakataza.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unalaza mabomba ya plastiki yenye matundu, kila tundu mche mmoja. Maji yanatoka tangini, yanapita chini ya mizizi, yanarudi tangini. Udongo hakuna, kwa hivyo chakula chote cha mmea unakitia wewe kwenye maji: mbolea mbili za galoni, A na B. Ukiharibu hapo, basi umeharibu kila kitu.

Nami nikaharibu papo hapo.

Mke wangu Wardah anauza kwenye duka la dawa, Frere Town. Siku nzima anapima dawa za watoto, kijiko cha hiki, nusu kijiko cha kile. Siku ya kwanza kupanda juu kunitazama, alinikuta nimemimina A na B kwenye ndoo moja, hazijatiwa hata tone la maji, nakoroga. Ndoo ikageuka nyeupe. Chini kukashika uji mzito kama chokaa.

"Mahfudh, lebo inasema usizichanganye zikiwa nzito hivi. Tia A tangini kwanza, koroga, ndipo utie B. Hicho chakula kimegandana, mmea hauwezi kukila."

"Mke wangu, wewe shika panadol zako."

Nikaipiga picha ile ndoo, nikaituma kikundini: *Hii yaitwa maziwa ya mmea. Ukiona hivi ujue umepatia.*

Watu sitini wakaniwekea dole gumba.

Sasa, dada yangu Zuleikha alikuwa ameposwa na kijana wa Changamwe. Siku ya kupanga arusi, mashangazi wa bwana arusi wamejaa sebuleni, mimi mdomo ukaniwasha.

"Saladi ya arusi msihangaike nayo. Itatoka juu ya slabu yangu."

Mama yangu, Bi Kulthum, akafurahi hadi akapitiliza. "Tena asubuhi ya arusi mje mzichume kwa mikono yenu!"

Shangazi mkubwa, Bi Mwanarehema, mwanamke ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akasema, "Tutakuja. Na vikapu tutakuja navyo."

Akapanda juu kuziona. Akazunguka mabomba yote, akaguna, akasema, "Zimependeza." Akashuka.

Walipoondoka Mama alinishika mkono. "Mwanangu, hawa watu watuona sisi wa Utange si kitu. Usiniaibishe."

"Mama, hii ni sayansi," nikamwambia.

Zimebaki siku kumi na mbili, majani yakaanza kuungua kingo. Kesho yake yakalegea. Kesho kutwa yakalala kabisa, na maji yamejaa mabombani mpaka yanamwagika!

Nikafanya anachofanya kila daktari wa cheti. Nikaongeza mbolea.

Yakalala zaidi.

Wardah akapanda na kipimo kidogo cha kutumbukiza majini, kinachoonyesha maji yamebeba chumvi na mbolea kiasi gani. Akakisoma, akanitazama.

"Tatu nukta tisa. Saladi haitaki hata mbili. Uliyapima maji kabla hujatia mbolea?"

"Maji ni maji."

"Haya ni ya kisima chetu, Mahfudh. Sabuni haitoi povu! Yana chumvi yake tayari, nawe waongeza juu yake. Hiyo mizizi haivuti maji, chumvi ndiyo yainyonya."

"Maji haya nimeyaoga tangu kuzaliwa. Hicho kipimo kibovu."

Nikamnyang'anya, nikakitupa kwenye debe la misumari.

Jirani yetu Mwangi, dereva wa lori la bandarini, mtu wa bara, naye akaandika kikundini: *Daktari, hiyo maji ya kisima si ni chumvi tupu? Ulicheki kwanza ama unabahatisha?*

Nikamtoa kikundini. Sikungoja hata amalize kuandika la pili.

Lakini usiku nikigeuka huku na huku namuona Bi Mwanarehema na vikapu vyake. Namuona Mama amejifunika uso kwa leso. Niliogopa, nawaambia kweli.

Asubuhi, mkono uko kwenye chai, likanijia. Bi Mwanarehema alizitazama saladi zangu akasema zimependeza.

Mashaallah hakusema!

"Jicho," nikamwambia Wardah. "Nimepigwa jicho la husuda. Leo baada ya alasiri naenda kwa Ustadh Mohdhar anifanyie kombe."

Wardah akaweka kikombe chini taratibu. "Nenda," akasema. "Ni wazo zuri."

Mtu wa sayansi huyo, na fremu yake ukutani, akashika njia.

Ustadh Mohdhar ni kijana, ndevu zake hata hazijakutana. Asubuhi anasomesha madrasa, jioni anatengeneza simu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Baadaye ndipo nilipojua ilikuwa kazi kubwa kiasi gani. Akachukua sahani nyeupe, akaiandika aya kwa zafarani, akaiacha ikauke.

"Utaiosha kwa maji, unywe. Siku tatu."

"Mimi? Ustadh, wagonjwa ni saladi."

"Kunywa wewe. Na lile tangi ulimwage lote, ulisugue. Ujaze maji ya mfereji, ya kisima usiyaguse. Leo na kesho maji matupu. Kesho kutwa tia mbolea A, koroga vizuri, kisha B. Robo tu ya kawaida yako. Baada ya siku tatu, nusu. Na kipimo kisipite moja nukta tano."

Nikaandika neno kwa neno. Wala sikujiuliza ustadh wa madrasa amejulia wapi nukta tano.

Muuza maji alileta mitungi arobaini ya maji matamu ya mfereji, yale ya bomba la mji, kwa mkokoteni. Tukaipandisha ngazi mmoja mmoja, mimi na Wardah. Wardah akaenda kwenye debe la misumari, akatoa kipimo, akakifuta kwa kanga.

"Ustadh ndivyo alivyoniagiza," nikamwambia.

"Ustadh ana akili sana," akasema.

Kombe nikanywa. Siku ya tatu majani yakaanza kunyanyuka. Siku ya sita vikachipuka vijani vipya, laini. Nilikaa pale juu peke yangu nikalia, sioni haya kusema.

Kisha nikafuta machozi, nikaandika kikundini: *Nimevumbua njia mpya ya kufufua saladi. Maelezo baadaye.*

Dole gumba tisini.

Asubuhi ya arusi wakaja, na vikapu kweli. Miche mia moja hivi tulikuwa tumeing'oa na kuificha, haikupona. Mia mbili ilikuwa imesimama. Bi Mwanarehema akachuma jani, akalitafuna hivi hivi bila chumvi wala ndimu, akitafuta kosa. Tukangoja. Mama alikuwa ameshika ukingo wa ukuta.

"Tamu," akasema. "Mashaallah."

Mama akapiga kigelegele kikasikika mpaka barabarani.

Baada ya nikahi nikamvamia Ustadh Mohdhar mbele ya watu. "Ustadh! Lile jicho umelitoa! Waambie watu wasikie!"

Ustadh akaona haya. Akafungua kitabu chake, akatoa kikaratasi. Vile vikaratasi vya duka la dawa, vya kuandikiwa kutwa mara tatu.

"Mahfudh, mimi mboga za mabombani nizijulie wapi? Mkeo alikuja kwangu kabla yako, akaniachia hiki."

Mwandiko naujua. *Maji ya mfereji. Siku mbili matupu. A kwanza, kisha B. Robo, halafu nusu. Isipite 1.5.*

Na chini kabisa: *Usimwambie yametoka kwangu. Hatafanya.*

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko.

"Na kombe?" nikauliza.

"Kombe niliongeza mimi. Lile lilikuwa la kichwa chako. Naona siku tatu hazikutosha."

Nikaenda hadi upande wa wanawake, nikaomba niitiwe Wardah mlangoni. Akatoka, hina mpya mikononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanihesabia kwa vidole. "Siku ya ndoo. Siku ya kipimo. Na chumvi ya kisima. Mahfudh, nilikwambia."

Nikamwomba radhi pale pale mlangoni, na Bi Mwanarehema anasikiliza nyuma ya pazia.

Siku ile ile nikaandika kikundini ukweli wote, ndoo ya maziwa ya mmea ikiwemo. Cheti nikakishusha ukutani. Mwangi nikamrudisha. Uadmin nikampa Wardah.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa na mabomba yako juu ya slabu: pima maji yenyewe kabla hujatia kitu. Na mkeo akikwambia jambo mara ya kwanza, lisikilize hiyo hiyo mara ya kwanza, usingoje uandikiwe kwenye sahani.

Jana niliuliza kikundini kama B ikibaki mwaka mzima huharibika.

Mwangi akanijibu: *Soma lebo.*

Admin akaweka dole gumba.