Mkono wa Fundi Rula

Tulimwita Fundi Rula, maana bila ile rula yake ya mbao ya mita mbili ungesema hujamwona. Miaka ishirini na mbili alipima mahindi ya kituo chetu cha utafiti: urefu wa shina, idadi ya majani, urefu na upana wa kila jani. Mimi nilikuwa chumba cha kukaushia, kwenye tanuri na mizani. Tulitaniana kutwa. "Dada, wewe kazi yako kupokea maiti tu," angesema. Nami namrudishia, "Na muuaji ni nani?"

Ndivyo kazi ilivyo. Mmea mbichi ukiupima unapima maji zaidi, na maji huja na kuondoka. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili Rula alichomoa vikaratasi vitano vya namba kwenye kopo, akang'oa mimea yenye namba hizo, tukaikatakata, tukaitia kwenye mifuko ya karatasi, ikakaa tanurini kwa nyuzi sabini hadi uzito ugome kushuka. Kinachobaki ndicho mmea ulichojijengea kwa jua na hewa. Namba ikitoka imetoka, huchagui.

Kisha akamzika binti yake, mtoto wa pekee, miaka kumi na saba. Homa ya siku nne tu, jamani! Baada ya wiki moja alirudi kazini. Tulimpa pole, akaitikia, akachukua rula yake akaenda shambani.

Msimu ule mizani ikaanza kunishangaza. Shambani mbegu mpya tuliyokuwa tukiijaribu ilikuwa imenipita kichwa, lakini kwenye mizani yangu ilionekana imedumaa. Nikakagua mizani, nikakagua tanuri, wapi! Siku ya kung'oa nikamfuata. Namba ikatoka, akasimama mbele ya mmea mnene, akashika shina. Akaliachia. Akahamia wa jirani, dhaifu, majani ya njano, akaung'oa huo na kuuandika namba ya ule mnene.

"Kaka, unafanya nini?"

"Ulioshamiri siwezi, dada. Mkono unakataa." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Usiniseme. Nikifukuzwa hapa, nitakwenda kukaa nyumbani na nani?"

Wiki mbili nikaitunza siri yake. Lakini bosi wetu, mama mtafiti, akaja na hesabu zake: mbegu haikui, inatupwa. Misimu sita ya jasho letu! Nikasema. Kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Bosi hakuwa na roho mbaya. Alilia naye kidogo, na bado akamwachisha kazi, kwa sababu namba zake hakuna aliyeweza kuziamini tena. Rula aliniwekea kopo mezani. Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema tu, "Chimba kwanza pembeni, usikate mizizi."

Kazi yake nikapewa mimi. Siku ya kwanza, namba ya tatu ilikuwa ya mmea bora kuliko yote shambani, umebeba hindi changa, ndevu zake bado laini. Nilisimama pale hadi jua likanichoma shingo. Nikamlaani Rula, nikajilaani na mimi. Kisha nikachimba pembeni, nikashika shina kwa mikono miwili, nikavuta. Udongo ukaachia. Nikakaa chini katikati ya mistari, mmea umelala mapajani mwangu, nikalia kwa sauti.