Mbwa wa Mpishi wa Maulidi

Mpishi hasemi uongo juu ya mikono yake. Soraya binti Faradji alirithi kanuni hiyo kwa mama yake, pamoja na masufuria makubwa ya shughuli, na katika miaka yote aliyowapikia Waislamu wa Kasongo hakuivunja. Wengi wetu tuna kanuni za namna hiyo. Tunazishika mpaka zianze kutuuma, kisha tunatafuta mtu mwenye elimu atueleze kwamba hazikuwa na maana tuliyodhani. Yeye hakutafuta mtu.

Katika harusi moja mjusi alianguka ndani ya mafuta ya kupikia. Hakuna aliyeona isipokuwa Soraya. Aliwaita wenye harusi, akayamwaga mafuta yote mbele yao. Wageni walichelewa kula, na baba wa bwana harusi alimtukana hadharani. Baba huyohuyo alipomwoza binti yake, hakutaka mpishi mwingine. Ndivyo Soraya alivyopata jina, na ndivyo mjane huyu asiye na mtoto alivyopata riziki: harusi, matanga, na juu ya yote maulidi, ambapo mji mzima hula kutoka katika sufuria zake.

Kiangazi kimoja, maulidi ikikaribia, alikwenda upande wa Kabambare kununua mchele kwa wakulima. Barabara ni ile tunayoijua. Pikipiki inakwenda penye njia, na pasipo njia abiria anashuka kusukuma. Kwenye mlima mmoja, wakati wa kurudi, Soraya alishuka, na hapo alimkuta mwindaji aitwaye Hervé amemsimamia mbwa wake aliyelala chini, fimbo mkononi.

Mbwa alikuwa jike, mwekundu, masikio yamesimama, na shingoni ana kengele ya mti wanayofungwa mbwa wa kuwinda. Mbavu zilihesabika, lakini tumbo lilikuwa limejaa kama la mwenye mimba. Ulimi ulikuwa wa buluu. Alikohoa kama aliyekwamwa na mfupa, akajaribu kusimama, miguu ikamkataa.

"Papa, imbwa yako iko na nini?" Soraya aliuliza.

"Iko na uvivu, mama," Hervé alijibu. "Ile docta ya nyama ya Kasongo alipita huku kuchoma mbuzi sindano. Akamusikiliza huyu na ile mashini ya masikio, akaniambia mbele ya watu wote: Hervé, imbwa yako iko na moyo mukubwa. Nikafurahi! Nikamupeleka kuwinda simbilisi, zile panya kubwa za majani, kila siku. Moyo mukubwa, mama! Sasa angalia. Simbilisi inakimbia, yeye analala."

"Na fimbo hiyo?"

"Ya kumaliza."

"Usimalize. Nipe mimi."

Hervé alimtazama mtandio wake, akacheka. "Wewe? Mwislamu na imbwa? Utamufundisha kusali?"

"Wewe mwenye musalaba shingoni, ulimufundisha nini?"

Mwindaji aliinama, akakata kamba ya kengele, kengele akaitia mfukoni, mbwa akamwacha. Soraya alimtia ndani ya gunia la mchele lililobaki tupu, kichwa kikiwa nje. Sasa ikawa zamu ya dereva wa pikipiki, Djuma.

"Mama Soraya, mimi napakia mbuzi, napakia kuku, hata maiti nimepakia. Imbwa, hapana!"

"Basi muhesabu kama maiti ambaye bado hajafa."

Djuma alipakia, akilalamika njia nzima.

Mjini Kasongo, daktari wa wanyama, ambaye watu humwita docta ya nyama kwa sababu hukagua nyama machinjioni, ni kijana aitwaye Aristote. Soraya alimfungulia gunia mlangoni. Aristote alimtambua mbwa mara moja.

"Huyu namujua. Nilimwambia mwenyewe kabisa, moyo ni mukubwa."

"Na mwenyewe akafurahi," Soraya alisema. "Docta, hapa kwetu, mtu akiambiwa imbwa yake iko na moyo mukubwa, amesifiwa. Wewe ulidhani umemupa ugonjwa, kumbe ulimupa sifa. Akamukimbiza mpaka akaanguka."

Aristote alikaa chini. Alijifunza kazi yake kwa Kifaransa, na siku ile kijijini alitafsiri neno kwa neno, akafunga mfuko wake, akaondoka. Sioni haja ya kumtetea. Mjuzi anayesema asieleweke, kisha asiulize kama ameeleweka, amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo inaweza kuua. Lakini kwa haki yake niseme kwamba hakubisha. Alimsikiliza mbwa upya, muda mrefu, akaeleza kama alivyopaswa kueleza mara ya kwanza. Moyo umevimba na kulegea, mfano wa mpira uliovutwa mno. Hausukumi damu sawasawa, kwa hiyo maji yanabaki tumboni na kwenye mapafu, na ndiyo kikohozi hicho. Labda ni minyoo inayoletwa na mbu, labda amezaliwa hivyo. Kasongo hakuna chombo cha kuonyesha ni lipi kati ya hayo.

Dawa zilikuwepo, zilezile wanazomeza watu wenye ugonjwa wa moyo: vidonge vya kutoa maji kwa mkojo na vingine vya kuupunguzia moyo mzigo. Aristote alivikata vipande kwa kadiri ya uzito wa mbwa. Chumvi alikataza kabisa, kwa sababu chumvi hushika maji mwilini. Mbio alikataza.

"Hatakuwa mupya tena, mama," alisema. "Lakini anaweza kuishi, kama kutakuwa na mutu wa kukaa naye."

"Mutu yuko hapa," Soraya alisema.

Alimweka katika kibanda cha kuni, nyuma ya nyumba. Siku za kwanza mbwa hakuweza kulala ubavu. Alikaa kitako, miguu ya mbele ameipanua, akivuta pumzi kwa mwili wote. Kidonge kilichofichwa ndani ya samaki alikitema, samaki akamla. Soraya alijaribu kwenye tonge la ugali, kikatemwa vilevile. Ikabidi amfungue taya kwa mkono, akisukume kidonge nyuma ya ulimi kwa vidole, amfumbe mdomo mpaka ameze. Mate ya mbwa, basi, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baada ya hapo alitoka na ndoo hadi upande wa njia, akanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama sheria yetu inavyotaka. Angeweza kunawa uani. Alinawa penye watu.

Mbwa alikojoa sana, tumbo likapungua, ulimi ukarudi kuwa mwekundu. Siku alipolala ubavu kwa mara ya kwanza, Soraya alidhani amekufa. Alikuwa amesinzia tu.

Ndipo akampa jina. Kwetu jina la mbwa huwa ni ujumbe kwa majirani; kuna mbwa wanaoitwa Watachoka, na wako Mungu Anaona. Soraya alimwita wake Semeni. Kila alipomwita kwa sauti, ilikuwa kama ameamuru mtaa mzima useme.

Mtaa ulitii. Mbwa peke yake pengine ungemsamehe, lakini kulikuwa na kile kisufuria cha mbwa kisichotiwa chumvi. Chakula bila chumvi, kwa wazee wetu, kinajulikana ni cha nani: ni cha majini. Habari ilifika sokoni kabla ya Soraya, na muuza samaki alimpokea kwa kelele.

"Mama Soraya! Hautaki samaki mukavu leo? Ao jini yako haipendi chumvi?"

"Jini yangu iko na mukia moja na masikio mawili. Njoo uisalimie. Lakini ulete samaki mubichi, docta amekataza chumvi."

"Siku hizi docta anatibu majini?"

"Anatibu wenye moyo mukubwa. Wewe hatakuona."

Soko lilicheka, na waliocheka walirudi nyumbani kusema yaleyale. Soraya hakungoja. Alikwenda mwenyewe kwa shehe, akamweleza kila kitu, hata vidole na mate. Shehe alimjibu wazi: anayemtunza mnyama mgonjwa na kuosha mikono yake ipasavyo, swala yake ni sahihi na chakula chake ni halali. Kwa mtu anayefuata dini, neno lingeishia hapo.

Halikuishia hapo. Wanawake wa komite ya maulidi walikuja kwake alasiri moja, wakiongozwa na Rehema, dada wa marehemu mume wake. Walikataa viti vilivyokuwa karibu na kibanda cha kuni.

"Wifi," Rehema alianza, "shehe amekusafisha, tumesikia. Lakini tumbo ya mutu haina shehe. Mutu akiona pilau, atakumbuka mikono."

"Mikono ninaosha mbele yenu kila siku."

"Tunajua, ndiyo maana tumekuja na njia nzuri. Imbwa iende pale kwa jirani yako Dieudonnée. Yeye ni Mukatoliki, haimusumbui. Sisi tutasema ilikuwa yake tangu mwanzo. Dawa utakwenda kumupa kimyakimya. Siku ya maulidi unapika kama zamani."

"Na mutu akiniuliza kama nimeshika imbwa?"

"Utasema hapana. Neno moja tu, wifi yangu. Hapana."

Mmoja wao alidhani Soraya anatafuta hoja ya dini. "Usituletee ile hadithi ya Mtume, ya mutu aliyenywesha imbwa maji kwa kiatu akasamehewa," alisema. "Yule alinywesha, akaenda zake! Hakuipeleka nyumbani!"

Wote walicheka, na Soraya akacheka pia. Kisha akasema:

"Wifi, nikiwadanganya juu ya imbwa, siku nitakapowaambia mafuta ni safi, mutaniamini kwa nini?"

Rehema alikuwa amekuja kwa upendo, na hili ndilo linalonikasirisha zaidi. Uongo unaoletwa na adui tunaukataa kwa urahisi. Huu uliletwa na ndugu, umefungwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na riziki ya mjane.

"Basi hautapika," Rehema alisema.

"Basi sitapika. Masufuria hayajashika imbwa. Muyachukue, na muyarudishe yakiwa safi."

Waliyachukua. Maulidi ilisomwa, dufu zikapigwa, pilau ikapikwa na wengine. Sitasema iliungua. Haikuungua, na watu walishiba. Alasiri ya siku hiyohiyo Soraya alimfunga Semeni kamba, akatoka naye kwenye barabara kuu, polepole, akisimama kila mbwa aliposimama kupumua. Watu waliokuwa wanatoka kwenye shughuli walimpisha mbali.

"Soraya, huoni haya leo?" mzee mmoja alimwuliza.

"Nitaona haya siku nitakayokudanganya, baba."

Baadaye Hervé alikuja mjini kuuza nyama ya porini, akamkuta Semeni amesimama mlangoni, anambwekea. Alipiga makofi.

"Imepona! Mama, nirudishie imbwa yangu."

"Hajapona, anaishi. Kwenda kuwinda hawezi tena. Muulize docta, na safari hii umuulize na maana."

Hervé alikwenda kweli kwa Aristote, na Aristote, safari hii, hakutafsiri kitu. Alimwambia mbwa ni mgonjwa, akikimbizwa atakufa. Mwindaji hakurudi kudai.

Maulidi nyingine imepita tangu hapo, na Soraya hakuitwa. Haitwi harusini, wala katika matanga ya ukoo wa mume wake, na Rehema hamsalimii. Masufuria yalirudi, yako ukutani. Siku hizi anauza mchele sokoni, kwa kipimo, na wapo wanaomruka kwenda kununua kwa mwingine. Mbwa anameza vidonge asubuhi na jioni, na Aristote amesema hatafika uzee. Soraya amepoteza kazi aliyoifanya tangu usichana wake, na ndugu pekee aliokuwa amebaki nao.